CRP ya mpwa wangu ilisoma 4.8, tukashangilia. Waliopandikizwa uloto na wanaowauguza, pitieni hapa

Mjomba wa Igoma #1

Wakuu, habari za mida hii. Humu nimekuwa msomaji wa pembeni kwa miaka, uzi wangu wa kwanza ndio huu, mnivumilie.

Nina mpwa, mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa, kazaliwa na sikoseli. Huku kwetu Kanda ya Ziwa hilo si jambo geni, kila mtaa una nyumba inayolijua hilo neno. Mwaka jana akapandikizwa uloto (ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), mchangiaji akiwa dada yake wa tumbo moja. Mama yake alibaki na wadogo, shemeji yuko visiwani kwenye uvuvi, kwa hiyo aliyelala kwenye kiti cha plastiki wiki zote zile ni mimi. Hospitali siitaji. Haipo Mwanza.

Pale wodini nilijifunza kusoma namba za damu, nikajiona nimehitimu. Hapo ndipo penye kisa.

Nilinunua kaunta buku ya kwaya mbili. Damu inatolewa alfajiri, mchana nauliza majibu, naandika: tarehe, siku ya ngapi (wanahesabu kuanzia siku ya kupandikizwa, wanaiita siku sifuri), joto, seli nyeupe, CRP, na siku nyingine prokalsitonini (hizo mbili ni vipimo vya damu vinavyopanda maambukizi yakiingia). Mwanzoni jicho langu lilikuwa kwenye seli nyeupe, maana maisha yangu yote nikipimwa naambiwa "zimepanda, una maambukizi". Daktari mmoja kijana akaniambia, "Mjomba, hizo zisahau kwa sasa, tumezimaliza wenyewe kwa dawa. Mlinzi hayupo, usitegemee atapiga filimbi."

Kurasa zenyewe ninazo hapa. Siku ya 5, CRP 14. Siku ya 6 jioni joto 38.6, mdomo umejaa vidonda hata mate hamezi, CRP 38, prokalsitonini 0.4. Siku ya 7, CRP 126 na prokalsitonini 5.2. Siku ya 8, CRP 171. Seli nyeupe muda wote huo 0.1, hazisemi lolote. Antibayotiki walianza ndani ya saa ileile ya homa ya kwanza, hawakusubiri karatasi. Damu waliyootesha (wanaiweka kwenye chupa waone kama bakteria wataota) ikatoa E. koli, bakteria wa tumboni. Siku ya 9 ikashuka 140, kisha 88, kisha 51. Pembeni ya ile 51 nimechora jua kwa kalamu nyekundu. Mtu mzima na ndevu zangu.

Siku ya 18 uloto ukashika. Miezi mitatu na kitu tukaruhusiwa kurudi.

Sasa, mwezi wa tano, tuko nyumbani Igoma, Ijumaa saa kumi jioni mtoto anasema anasikia baridi. Joto 38.2. Nikamchukua mpaka maabara moja ya mtaani, jina naliacha. Malaria hakuna. CRP: 4.8. Nikakumbuka wodini tuliambiwa chini ya 5 ni salama. Nikampigia dada, akashusha pumzi, akaingia jikoni kukaanga sato. Tukakubaliana hospitali tutaenda kesho asubuhi, tukipata usingizi.

Mtoto hakugusa sato.

Kuna simu inaita, nakuja kumalizia.

Kinda la Kirumba #2

Mkuu huwezi kutuacha hapo. Naweka kambi.

Mama Wawili #3

Mjomba pole sana. Kwangu mimi mgonjwa ni mama yangu mzazi, saratani ya uloto, yeye alirudishiwa seli zake mwenyewe, siyo za mtu mwingine. Na mimi nilikuwa na daftari! Ila langu lilinichanganya. Siku ya 11 homa 39, vipele mgongoni, CRP imepanda sana, nikajua tumekwisha. Wakaotesha damu mara tatu, hakuna kilichoota. Wakasema ni seli mpya zinaingia kwa kishindo, mwili unapiga kelele kana kwamba kuna adui. Wakampa steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili, kesho yake homa hakuna. Hapo CRP ilisema kweli au ilidanganya? Mpaka leo sijui nijibu vipi.

Mzee wa Mwaloni #4

Vijana mnapenda namba. Mimi nauza dagaa Mwaloni tangu kivuko cha Kamanga kikiwa ndiyo njia, homa ya Mwanza naijua: ni malaria. Hicho kipimo cha haraka kinakosa mara ngapi? Mtoto angepewa mseto jioni ileile, asubuhi anacheza mpira.

Darubini #5

Shikamoo Mzee wa Mwaloni. Mimi niko maabara hapa hapa mjini, naomba nichangie kidogo, halafu nirudi kwa Mama Wawili.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Bakteria wakiingia, seli za kinga zinatoa ujumbe unaoitwa intalukini 6, ini linaupokea na kuanza kumwaga CRP kwenye damu. Ndiyo maana kwa mtu aliyepandikizwa uloto kipimo hiki kina thamani yake: kiwanda cha seli nyeupe kimefungwa, lakini ini liko kazini. Prokalsitonini nayo haitoki kwenye uloto. Kwa mtu mzima wa afya ni chembe kidogo tu, inahusiana na tezi ya shingoni. Bakteria wakivamia damu, tishu nyingi mwilini zinaanza kuitoa. Virusi kwa kawaida haviipandishi hivyo, kwa sababu intaferoni inayotoka wakati wa virusi huizuia. Hapo ndipo inapoipita CRP, ambayo hupanda kwa karibu kila kitu: bakteria, kidonda cha upasuaji, mwili wa mpokeaji kushambuliwa na uloto wa mchangiaji, hata sikoseli yenyewe ikibana.

Tatizo ni muda. Prokalsitonini huanza kupanda saa tatu hadi sita baada ya bakteria kuingia na hufika kileleni ndani ya siku moja hivi. CRP ni mzito wa kuamka: saa sita hadi kumi na mbili ndipo aanze kuonekana, kilele ni karibu siku mbili. Kushuka, CRP hupungua nusu kila baada ya saa 19 hivi, ikiwa kilichomwamsha kimeondoka. Someni tena daftari la mjomba: homa siku ya 6 CRP 38 tu, kilele siku ya 8, wakati dawa ilishaanza kitambo. Asiyejua angesema dawa haifanyi kazi, ibadilishwe.

Sasa dada Mama Wawili. CRP ilisema kweli, ila haikusema ulichokuwa unaiuliza. Ilisema "kuna moto". Haikusema nani kauwasha. Kuna dawa inayotengenezwa kwa kingamwili za sungura, wanaitoa kabla ya kupandikiza ili mwili usikatae. Ile ikiingia tu, homa inaweza kufika 39 na CRP na prokalsitonini zote mbili zikapaa, bakteria hakuna. Kinyume chake kuna tosilizumabu, inaziba ule ujumbe wa intalukini 6. Mgonjwa aliyechomwa hiyo anaweza kuwa na maambukizi makali na CRP ikabaki chini kabisa, kwa sababu ini halijapata habari.

Mzee wangu, malaria hatuidharau. Damu ya kuongezewa inaweza kuileta, mbu wa Igoma wapo. Lakini malaria nayo hupandisha CRP na prokalsitonini, kwa hiyo hizo mbili haziwezi kukutenganishia malaria na bakteria. Na kile kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Unaangalia slaidi NA unaotesha damu, vyote. Mtoto wa namna hii ukimpa mseto ukalala, unaweza kuamkia msiba.

Mjomba, ile karatasi ya 4.8 iliandikwa vizio gani? Naomba ujibu hilo kabla ya yote.

Mzee wa Mwaloni #6

Marahaba. Umenijibu kwa adabu, nitasoma tena taratibu.

Kinda la Kirumba #7

Swali la kijinga: hii ya uloto inafanyika Tanzania au lazima India?

Mama Wawili #8

Inafanyika, Kinda. Benjamin Mkapa pale Dodoma wanapandikiza watoto wa sikoseli, walianza 2023, na Muhimbili nao wapo. Foleni ndiyo usiulize. Inakadiriwa nchini tunazaa watoto 11,000 wa sikoseli kwa mwaka, na siyo kila mmoja ana ndugu anayelingana naye.

Nesi Zamu ya Usiku #9

Nimesoma nikiwa mapumzikoni, naandika haraka haraka.

Mjomba, umefanya kosa ambalo ndugu wengi hufanya, na hata baadhi yetu wenye sare. Hata kama ile 4.8 ingekuwa ya kweli kabisa, ulitakiwa kuondoka jioni ileile. Homa ilianza saa kumi, damu ikatolewa muda mfupi baadaye. Darubini kasema CRP inaamka baada ya saa sita au zaidi. Kwa hiyo ulimgongea mtu mlango akiwa bado hajaamka, ukasema nyumba haina mtu.

Kwetu wodini kanuni ni hii: niutrofili (seli nyeupe zinazopigana na bakteria) zikiwa chini ya 500, joto likifika 38.3 mara moja, au likikaa 38.0 kwa saa nzima, damu ya kuotesha inatolewa na antibayotiki inaingia ndani ya dakika 60. Hatumsubiri CRP. CRP na prokalsitonini tunazitumia baadaye: dawa inafanya kazi? Tunaweza kuisimamisha? Kuna kitu kingine kimejificha? Zikipanda tena siku ya nne wakati mgonjwa yuko kwenye dawa, ndipo tunaanza kufikiria fangasi na kuagiza galaktomanani, kipimo cha fangasi, na picha ya kifua. Za kumruhusu mtu mwenye homa arudi kulala, hapana. Na mkishatoka hospitali, 38 kwenye kipimajoto ni simu, halafu ni safari.

Halafu kuna bakteria wa ngozi wanaopenda kukaa kwenye mrija wa kifuani, ule wa kupitishia dawa. Wapole wale, prokalsitonini inaweza isitikisike kabisa huku damu imejaa. Ndiyo maana tunachukua damu mbili kwa wakati mmoja, moja kwenye mrija na moja mkononi, ndugu wanatulaumu tunamchoma mtoto bure. Chupa ya mrijani ikiota saa mbili au zaidi kabla ya ya mkononi, tunajua mchawi ni mrija. Hakuna CRP itakayokuambia hilo.

Mengine mawili matatu ya huku kwetu. Panadoli usimpe kabla hujapima na kuandika joto. Akiwa kwenye prednisoloni (ni steroidi) joto linaweza lisipande kabisa, angalia kama amelegea, mikono ya baridi, mkojo kidogo. Ziwani haogi, nisisikie "pale ufukweni maji ni masafi", kichocho hakichagui ufukwe. Dagaa wa kuanikwa mchangani, kama lazima ale, wachambuliwe, waoshwe na wachemshwe kweli kweli, siyo kupashwa. Na wanaojiandaa kupandikizwa, kipimo cha minyoo ya strongiloidi msikikwepe. Ule mnyoo unaweza kukaa na mtu miaka bila kelele, steroidi zikianza unazaana, unatoboa utumbo na kubeba bakteria mpaka kwenye damu. Hapo CRP itapanda na kila mtu atatafuta kwingine.

Kengele inalia kitanda cha 6.

Mzee wa Mwaloni #10

Nesi nakuheshimu, kazi yenu ni ngumu. Na mwarobaini je? Kidogo tu, kuosha damu.

Nesi Zamu ya Usiku #11

Hapana mzee wangu. Wengi wako kwenye siklosporini, dawa ya kutuliza kinga baada ya kupandikizwa, na kiwango chake kwenye damu kinapimwa kwa uangalifu. Majani tusiyojua yanafanya nini tunayaacha kwenye mti. Hata balungi, tunda la kawaida sokoni, hupandisha hiyo dawa mpaka iumize figo. Balungi, mzee, siyo sumu ya panya.

Mjomba wa Igoma #12

Nimerudi, samahani wakuu, ilikuwa simu ya shemeji, mtandao wa kisiwani unakuja na upepo.

Darubini, umenishika pabaya.

Saa tatu usiku nilipiga picha ile karatasi nikamtumia yule nesi wa kliniki ya uloto kwenye WhatsApp, kwa kujigamba tu, aone hali ni nzuri. Akajibu kwa neno moja: "Vizio?" Nikavuta picha ikawa kubwa. Pembeni ya 4.8, kwa maandishi madogo yaliyofifia kwa sababu printa yao inaishiwa wino, palikuwa pameandikwa mg/dL. Daftari langu lote ni mg/L.

Alinipigia hapo hapo. "Mjomba, lita moja ina desilita kumi. Hiyo ni 48. Mwezi uliopita alikuwa na ngapi?" Nikafungua daftari: 3. Akasema, "Homa saa kumi, 48 jioni hiyohiyo, hiyo ndiyo kwanza inaanza kupanda. Usingojee kukuche. Mko hospitalini baada ya nusu saa." Wakati naongea naye dada yangu alishamvalisha mtoto sweta.

Bajaji, Igoma mpaka mjini, mtoto mapajani, mwili unachoma kupitia sweta. Tulipofika walimtoa damu mbili, wakaanza dawa ya mshipa kabla sijamaliza kutaja jina la ukoo. Asubuhi CRP 212, kwa lita, nimeuliza mara mbili. Prokalsitonini 11. Mchana wake wakatuambia chupa zote zimeota: pneumokoka, bakteria wa nimonia.

Na hapa sasa nitasema ambalo sikulisema mwanzo. Mtoto yuko kwenye penisilini ya kinga kila siku. Ilikuwa imeisha siku nne. Mimi ndiye ninayefuata dawa. Nilikuwa Ukerewe kwa biashara, nikasema nikirudi Jumamosi nitapitia duka la dawa. Kopo tupu lilikuwa juu ya friji, na mfuniko wake umefungwa vizuri, dada yangu hakuona sababu ya kulifungua.

Alilazwa siku 12. Yuko shule sasa. Nilihitaji kuliandika mahali.

Mama Wawili #13

Mjomba, umeliandika. Usijiadhibu, ila kopo likibaki na robo nenda ununue.

Darubini #14

Asante kwa kusema ukweli mkuu.

Sikoseli inaharibu bandama tangu utotoni, na bandama ndiyo mchujo wa pneumokoka. Uloto mpya unaleta damu nzuri lakini bandama iliyokufa mara nyingi hairudi kazini, ndiyo maana penisilini inaendelea na chanjo zinarudiwa upya. Na hapo kuna kitu: CRP yenyewe iligunduliwa 1930 kwa wagonjwa wa nimonia ya pneumokoka. Tillett na Francis, pale Rockefeller, New York, waliona damu ya wagonjwa inagandamana na kipande cha ukuta wa huyo bakteria kinachoitwa C. Ile C ya kwenye jina ndiyo hiyo. Miaka yote hii bado tunatumia kengele iliyotengenezwa kwa ajili ya mwizi aliyekuja nyumbani kwako.

Kuhusu vizio niseme la upande wetu. Maabara haikudanganya, 4.8 kwa desilita ni jibu sahihi. Lakini karatasi isiyo na kiwango cha kawaida pembeni, na wino unaofifia, kwangu mimi ni kosa la maabara, siyo la mjomba. Mashine nyingine zinatoa kwa lita, nyingine kwa desilita, na mgonjwa wa uloto anapima leo hapa kesho kule. Prokalsitonini ina unafuu kidogo hapo, nanogramu kwa mililita na mikrogramu kwa lita ni namba ileile, ila bei yake ni mara kadhaa ya CRP na siyo kila maabara inayo. Ukiweza, pima mahali pamoja, mashine moja. Ukishindwa, andika vizio kila mara, mstari kwa mstari, hata ukijiona mjinga.

Kinda la Kirumba #15

Nimefungua karatasi za bibi humu ndani sasa hivi naangalia vizio vyote. Mmenitia wazimu.

Mzee wa Mwaloni #16

Darubini, mwanangu, nina swali na silileti kwa ubishi. Mjukuu wangu hajapandikizwa, yuko kwenye orodha. Ana sikoseli huyu, wa binti yangu wa Buhongwa. Jana walimpima hiyo CRP, binti kanitumia ujumbe "baba ni 11". Kumi na moja ni kubwa au ndogo?

Darubini #17

Mzee wangu, ana homa sasa hivi?

Mzee wa Mwaloni #18

Nimempigia. Hana. Anakula muwa.

Darubini #19

Basi tuna nafasi ya kuuliza taratibu. Mwambie binti apige picha karatasi nzima, kona zote nne zionekane, siyo namba peke yake. Na atafute karatasi ya nyuma yake, ya siku alipokuwa mzima. Watoto wa sikoseli wengine hukaa juu kidogo hata wakiwa hawaumwi, kwa hiyo 11 yake nitailinganisha na yake mwenyewe.

Mzee wa Mwaloni #20

Anasema ya nyuma walifungia vitumbua. Anaitafuta.